Gunia Ndani ya Koti

Mwalimu mstaafu alikuwa amekaa jikoni kwa Veikko, akijikanda uvimbe wa paji la uso kwa kitambaa chenye theluji. Gari lake lilikuwa uani, bado limefungwa kamba nyuma ya trekta.

"Hebu tazama," alisema, akinyoosha kidole dirishani. "Kile kibao cha onyo cha kwenye kona kinawaka."

Kilikuwa kinawaka kweli. Lami ikianza tu kuteleza, taa zake za njano hujiwasha zenyewe.

"Nilipopita sikuona hata cheche. Nikaingia kona na mwendo wangu, nikajikuta mtaroni."

Wiki nzima taa zile zilimnyima Veikko usingizi, zikimulika ukuta wa chumba chake, na jana alikivisha kibao gunia la chakula cha ng'ombe. Asubuhi hii alilivua kwanza, ndipo akaenda kumvuta mwalimu. Sasa gunia lilikuwa ndani ya koti, theluji yake ikimyeyukia tumboni.

"Basi macho yameniisha," mwalimu alisema. "Kesho narudisha leseni."

"Usiseme hivyo, mwalimu. Kunywa kahawa."

"Bila gari sitaweza kuishi kule kwangu peke yangu. Nitahamia nyumba ya wazee, yaishe." Alicheka kidogo, kisha akatazama sakafu. "Na wewe nawe, mbona unachuruzika maji? Vua koti, mwanangu, utaugua."

Mkono wa Veikko ulipanda hadi kwenye kifungo cha juu, ukakishika, ukaganda hapo.