Farasi Aliyevutwa kwa Kamba

Naapa, haya ni kweli tupu, na nikiongopa achinjwe jogoo wangu. Gemu ya mjukuu wangu Julieth ilijicheza yenyewe.

Aliporudi kwangu Ipuli kutoka shule ya bweni, aliwasha kompyuta amtafute askari wake wa farasi, wa Ulaya ile ya kale. Alikuwa amemwacha vitani. Akamkuta mlangoni kwa bibi kikongwe mmoja, kijijini humo humo kwenye gemu.

"Umeme ulikatika," nikamwambia. "Giza likamtisha, akakimbia vita."

"Mume wangu, acha uongo!" Ndivyo wajukuu wanavyotutania. "Na upanga wake?"

"Kauza, kanunua mikate."

Kweli, mikate ilijaa kizingitini kwa yule kikongwe.

Julieth akainamia kioo, akafuata nyayo kwenye matope, za mtu na za farasi, zikienda sambamba.

"Ana farasi, lakini katembea kwa miguu! Mzigo kabeba mwenyewe, farasi kamvuta kwa kamba kama ng'ombe. Huyu si Mzungu, huyu Mnyamwezi. Huyu ni wewe, babu."

Kwenye kioo, kikongwe akajinyoosha, akashika kiuno kwa mkono mmoja, kidole gumba kikitazama mbele. Tangu tumzike bibi yake Julieth, sijamwona mtu akisimama hivyo.

Julieth akaacha kucheka. "Kumbe ulikuwa kwa mke mwenzangu," akasema polepole.

Nikatoka kumkamata jogoo, maana kiapo ni kiapo. Niliporudi ndani kutafuta kisu, jogoo kwapani, nilikuta Julieth amemkalisha askari kwenye benchi kando ya kikongwe, naye mwenyewe ametulia, hagusi kitu.