Jicho la Kulengea

Kwa saa nzima Mwalimu Tunu alikuwa dukani mbele ya bunduki mbili za shabaha za masafa marefu, asijue anunue ipi. Moja ilikuwa nzito, nyingine nyepesi. Kila alipoweka mojawapo begani na kuchungulia kwenye darubini yake, alama ya ukutani ilimkimbia.

"Labda mchezo huu si wangu," alisema. Kwenye klabu yake ya kulenga shabaha walishamwambia hivyo.

Mwenye duka, Bwana Shebe, alimtazama. "Mwalimu, nyoosha kidole kwenye ile alama, macho yote wazi. Sasa fumba jicho la kushoto."

"Kidole kimehama!"

"Haya, fumba la kulia."

Kidole kilirudi pale pale kwenye alama.

"Jicho lako la kulengea ni la kushoto, nawe unachungulia kwa la kulia," alisema, akashusha bunduki ya tatu, ya watu wa mashoto.

"Lakini mimi ni wa kulia! Miaka hamsini naandika kwa kulia!"

"Jaribu tu. Haina risasi."

Aliegemeza shavu la kushoto kwenye kitako, mikono ikigombana. Kupitia dirishani, ng'ambo ya bonde, tawi la mkaratusi lilikuwa likitikisika kwa upepo, lakini halikumkimbia. Akabana pumzi, akalisubiri litulie.