Kitambaa cha Uzinduzi

Mkono wa kijiko, mtambo wa halmashauri wa kuchimbia, uliinuka nusu, ukatetemeka, ukashuka wenyewe na udongo wake. Mzee Shomvi akazima injini. Mbele yake mfereji ulioziba ulikuwa umefurika, na maji yalishaanza kulamba kaburi la mkewe. Mawingu yalikuwa yanajikusanya tena.

"Wametununulia maiti, wakaipaka rangi," alisema. "Wakubwa hawa!"

"Punguza hasira, baba," alisema Chiku, fundi wa mitambo. "Hakina nguvu tangu asubuhi?"

"Kikitoka kupumzika kinabeba. Kikichimba kidogo tu, kinalia kama mbuzi, kinalegea."

"Basi hiyo ni pampu, inalia njaa. Kuna kitu kinavutwa, kinaziba njia ya mafuta."

Chiku alipachua mfuniko wa bati juu ya tangi la mafuta ya haidroliki, akaingiza waya wenye ndoano, akavuta taratibu. Kikatoka kitambaa chekundu, kizito kwa mafuta.

Mzee Shomvi alikitambua, akamsimulia Chiku. Siku ya uzinduzi wa kijiko mfuniko wenyewe ulikuwa umepotea, na mwenyekiti wa halmashauri akaamuru tundu lizibwe kwa kitambaa alichokikata, wageni wasione. Baadaye bati lilipofungwa juu yake, hakuna aliyekumbuka kukitoa, kikazama ndani.

"Na wewe ulikuwepo?" aliuliza Chiku.

"Nilikuwepo. Nilipiga makofi."

Chiku akarudisha bati, naye Mzee Shomvi akawasha injini. Mkono ukachota udongo, ukapanda mpaka juu, ukatulia bila kutetemeka. Mzee Shomvi aliutazama kidogo, kisha akaugeuzia kwenye mfereji. Tone la kwanza la mvua likagonga kioo.