Jina la Aliyeondoka

Tunu alitakiwa na hospitali yake kuchagua kampuni ya akili bandia ya kulinda mafaili ya wodi ya wazazi, la mwanawe likiwemo. Kampuni kubwa mbili zilimpa majina ya wateja wanaozisifu tu. Sasa alikuja Hidaya, mwenye kampuni changa, mtoto mgongoni.

"Nipe majina ya wateja walioondoka, dada," Tunu akamwambia.

Hidaya akatoa kalamu. "Mmoja tu. Aliondoka na hasira."

Akaandika namba. Tunu akapiga palepale, akamuulizia Hidaya.

"Yule binti?" mzee akaguna simuni. "Wadukuzi walipopenya, alinipigia mwenyewe kabla sijajua. Nikamfukuza. Waliochukua nafasi yake waliibiwa mafaili yangu wakanyamaza, nikaja kuyasikia mtaani. Mwambie asinichukie, mama."

Tunu akaisogeza simu kwa Hidaya.

"Mwambie mwenyewe, baba."

Mtoto mgongoni akanyoosha mkono, akaiwahi simu.