Mtani wa Zahanati

Enzi hizo mtoto akinyong'onyea, zahanati ilikuwa ikimletea mtani wa chuma, roboti la kuchekesha, hadi mlangoni kabla uji haujapoa. Zabibu alikuwa hajatamka neno tangu bibi yake azikwe, na mama yake, Mwanahawa, alishambembeleza kwa kila kitu isipokuwa mwezi.

Mtani aliingia bila hodi, kama watani wa msibani. Akajitanda kanga ya marehemu, akazunguka sebuleni akichechemea na kufoka: "Wazaramo ninyi! Mmenizika na njaa? Pilau langu liko wapi?"

Zabibu akatoa macho. Kisha kicheko kikamtoka, kuku wakakimbilia kwa jirani.

"Muongo wewe! Bibi alichechemea mguu wa kushoto!"

Mwanawe amesema! Mwanahawa akapiga vigelegele, akakimbilia jikoni kulipika hilo pilau.

Mtani akabadili mguu. "Hivi?"

"Hivyo. Na sauti iwe nzito, ya ugoro."

"Hivi, mke mwenzangu?"

Zabibu akagaagaa kwa kucheka. Ndipo sauti hiyo ikaita, "Mwanahawa!"

"Abee, mama!" Akaacha mchele, akaja mbio. Goti lilikuwa limeshagusa sakafu alipokumbuka kwamba mama walishamzika.