Gari Lililokataa Kwenda Manyovu

Siti wa ng'ambo ya uzio anaapa kwamba gari lile lina masikio: jioni lilisikia linapelekwa Burundi, asubuhi likagoma. Anasema hata taa ziliwaka kwa kejeli, huku injini haikohoi.

La taa ni kweli. Taa ziliwaka, honi ikalia, lakini Mpawenimana, mwenye gari, akizungusha ufunguo, stata inagonga ka, basi. Walilisukuma mpaka barabarani, likashtuka na kuzima.

Mizigo ilikuwa imeshapakiwa. Esteri, mkewe, ndiye aliyetangulia kuamka, akafunga magodoro, akachuchumaa chini ya gari kukaza kamba. Mwaka ule wa tisini na tatu Warundi wengi wa Kasulu walikuwa wanarudi kwao, na kaka yake Mpawenimana alishatuma neno: asipofika kesho, shamba la baba yao wanapewa wengine. Wenzake wa safari walikuwa Manyovu, mpakani, wanamngoja.

Akaitwa Kipriani, fundi aliyechomelea ekzosi jana. Mpawenimana alimpokea kwa maneno: gari lilikuja kwako linapiga kelele lakini linatembea, wewe umenyamazisha kelele na mwendo pia.

Kipriani alipima betri, nzima. Akachomoa fyuzi moja moja akizitazama juani. Akaomba stata ipigwe tena, na safari hii waya wa eksileta ukafuka moshi.

"Umeme unatafuta njia ya kurudi," alisema, akaingia uvunguni.

Mgongoni kwa Esteri mtoto alikuwa analia tangu alfajiri, anajinyonganyonga. Mama mkwe akanyoosha mikono. "Zana umwana," lete mtoto, jua linamchoma. Esteri akasema atanyamaza tu, akasogea kivulini.

Kipriani alitoka uvunguni uso umemshuka. Ule waya mfupi mnene, unaounganisha injini na chesisi ili umeme urudi, haupo. Jana aliufungua makusudi, moto wa kuchomelea usije ukaunguza alteneta.

"Ukausahau," Mpawenimana alisema. "Umenipotezea shamba la baba, Kipriani."

"Niliurudisha. Niliukaza kwa spana, mkeo amekaa pale kwenye tairi anautazama mkono wangu." Akamgeukia Esteri, sauti imepungua. "Shemeji, hukuondoka hata kidogo. Waambie."

Esteri alitazama nyuma ya nyumba, kwenye migomba, lilipo kaburi dogo la mtoto wake wa kwanza. Kisha akakaza fundo la mbeleko kifuani. Ule waya, kati ya mgongo wake na tumbo la mtoto, ulikuwa umeshapata joto la watu wawili.