Ukuta wa Mbele

"Nathanaeli analewa mbege kazini, bwana," Efraimu alimwambia nyapara, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo.

Ulikuwa uongo mtupu. Lakini wivu ulikuwa umemjaa tangu Wajerumani walipompa Nathanaeli ukuta wa mbele wa stesheni ya Moshi, wenye mlango wa tao unaotazama barabara ya Arusha. Yeye wakamtupa nyuma, kwenye ukuta unaotazama vichaka.

Wote wawili walikuwa mafundi mawe kutoka Meru, hakuna aliyewahi kuona gari la moshi, na wote walimtaka Lydia. Lydia alikuwa Usambara, akilea watoto wa mchungaji. Shangazi yake, Anyesi, ndiye aliyeleta jibu la posa zao.

"Amechoshwa na maneno yenu, wanangu. Atarudi na gari la moshi la kwanza. Akishuka tu, ataangalia nani kajenga nini, ndipo achague."

Tangu hapo, kila jiwe aliloliweka Nathanaeli kwenye lile tao lilimkereketa Efraimu moyoni.

Nyapara aliumeza uongo mzimamzima. Siku hiyohiyo akawabadilisha. Nathanaeli aliokota nyundo yake akaenda nyuma.

"Pole, ndugu yangu," Efraimu alimwambia. "Kule angalau kuna upepo."

Akajenga kama mtu aliyepagawa. Tao akalizungushia maua ya kahawa ya kuchonga, kwa sababu Lydia aliyapenda. Chakula alikisahau, hata Jumapili aliona inamchelewesha.

Huko nyuma Nathanaeli alikuwa akichonga nguzo za baraza, ndefu, laini, zimenyooka. Efraimu alichungulia, roho ikamuuma, kisha akacheka. Nani angeziona? Mbele ya nguzo hizo palikuwa na vichaka na tuta refu la udongo tu, na mtu wa Meru haulizi tuta ni la nini. Mlimani kwao matuta ni ya kuelekeza maji.

"Unawachongea nyani, Nathanaeli?"

"Hata nyani ana macho."

Kazi ilipokwisha, Efraimu alisimama mlangoni pake, akimwona akilini Lydia akishuka kwenye gari la moshi pale barabarani, macho yake yakitua kwenye maua. Moyo ulimjaa furaha.

Ndipo aliposikia vyuma vikigongwa nyuma ya jengo. Akazunguka kona.

Juu ya lile tuta, hatua chache kutoka kwenye nguzo za Nathanaeli, vibarua walikuwa wakilaza reli.